Chembe Nyeusi Kwenye Maziwa

Juzi dada yangu alinitumia ujumbe kwenye simu, ule ambao umeshazunguka kwa kila mtu: maziwa ya dukani yana sumu, mtumie kila umpendaye. Nilichoka kabla sijamaliza kuusoma. Nikakumbuka harufu ya moshi kwenye kibuyu cha Mama Halima.

Mama Halima alikuwa wa jamii ya wafugaji, na kila alasiri alituletea maziwa sisi wakulima wa kijiji cha Minjila. Siku moja, nikiwa bado mtoto, alipomimina, niliona chembe nyeusi zikielea. Shuleni nilikuwa nimesikia kwamba wafugaji wanatutilia sumu. Nikampigia mama yangu kelele, "Mama, usinywe! Sumu!" Majirani waliokuja na sufuria zao wakachungulia.

"Ni mkaa tu, mwanangu," Mama Halima alisema. "Tunafukiza kibuyu kwa kijinga cha moto, maziwa yasiharibike." Akajaza kifuniko, akanywa yote mbele yetu, akajipangusa midomo. Nzi walivuma juu ya sufuria tupu. Hakuna aliyenunua.

Leo najua kwamba mkaa ule ndio uliokuwa ukitulinda na maziwa yaliyoharibika. Nilitaka kumwambia dada aulize kwanza ni nani aliyeiona hiyo sumu. Lakini Mama Halima alikunywa tukimtazama, na bado kesho yake kijiji kizima kilisema alikuwa ametangulia kunywa dawa ya kuzuia sumu. Hakurudi tena.

Maneno hayo ya dawa niliyazua mimi, ili nisionekane mwongo.