Ndege Iliyowekwa Kwenye Maharage ya Shangazi

Ndege ile ya abiria ilipostaafu, Mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Makambako aliomba isikatwe kuwa chuma chakavu. Alitaka itunzwe, wajukuu wa wajukuu waje kuitazama. Mbawa zake, sikutanii, zingefunika kanisa letu la Kilutheri na mchungaji akabaki na pa kuanikia kanzu. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni ya Kiingereza, nikaajiriwa kuiosha na kuwa mkalimani.

Kiwanja cha ndege cha Njombe, ilikotua, kilikuwa chembamba, basi kwa muda wakaisukuma mpaka kwenye shamba la maharage lililopakana nacho, la shangazi yangu, mjane asiye na shamba jingine. Alikuja akaizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani.

“Kamwene, mwanangu,” akanisalimu. “Hii inaruka?”

“Hairuki tena, shangazi.”

“Inabeba mzigo?”

“Hapana. Ni ya kumbukumbu.”

“Haibebi, hairuki, na wewe unaiogesha kila siku kuliko ulivyowahi kuoga mwenyewe. Hapa pana jambo.”

Jambo lilifika kwa lori: miche ya miwati, ya kuzungushia ndege isipigwe na upepo. Sasa, kwetu mgeni hupewa pa kulala, hupewa hata pa kulima msimu mmoja, lakini mti hapandi. Anayepanda mti amesema ardhi ni yake. Mzungu hakulijua hilo. Alipoona shangazi amekunja uso, akadhani anaogopa ndege. Akaniambia nimpandishe ndani akae kitini, hofu imtoke.

Shangazi akakaa, akabonyeza mto wa kiti, akachungulia dirishani.

“Kiti kizuri,” akasema. “Mwambie ndege ikae. Miti irudi ilikotoka.”

Nikatafsiri. Mzungu akacheka, akaipanda miche.

Asubuhi iliyofuata miche yote ilikuwa imelazwa kwenye ngazi ya ndege, mizizi imefungwa majani mabichi isikauke, maana mali ya mgeni haiharibiwi. Mzungu akaipanda tena. Shangazi akang'oa tena. Kisha akapanda maboga chini ya mbawa, na yale maboga yakapanda magurudumu, yakapanda injini, nusura yaketi kwa rubani. Mzungu akaja juu.

“Mwambie boga ni la msimu,” shangazi akanijibu. “Halidai ardhi. Yeye anadai nini?”

Niliuliza. Mzungu alisema hadai chochote, anataka upepo tu uzuiwe. Shangazi akarudi kumwagilia maboga yake.

Mwishowe Mzungu akachoka, trekta likaivuta ndege hadi shambani kwa Mzungu mwenyewe, kazi yangu ikaondoka nayo. Nilikwenda kumpa shangazi pongezi, nikamkuta amepiga magoti palipokuwa na magurudumu, anachimba, mikono imezama hadi viwikoni.

“Shamba limerudi, shangazi. Unatafuta nini tena?”

“Mbegu za miti yake,” akasema, akiendelea kuchimba. “Mtu haondoki kirahisi hivi.”