Kompyuta Moja, Anwani Mbili
Kompyuta yetu ya pili iliungua Jumamosi, umeme ulipokatika ukarudi kwa nguvu. Tulisikia mlio mdogo, kisha harufu ya plastiki. Fundi aliifungua, akaitazama ndani, akaifunga tena, akasema haitengenezeki. Na Jumatatu mkaguzi alikuwa anakuja.

Tulikuwa wanawake wawili, mimi na mwenzangu. Kwa miaka mingi tulikuwa maopereta wa simu, meza moja, tukiwaunganisha watu wa Songea na jamaa zao wa mbali kwa kuchomeka na kuchomoa waya. Kisha ikaja mitambo mipya, ukaja ubinafsishaji, tukapunguzwa kazi siku moja. Mimi ni mtu wa Matogoro, Mkatoliki. Yeye Mwislamu wa Tunduru, na tangu ujana wetu tulikuwa tukiitana shoga. Wenzetu wengi walikimbilia mitumba. Sisi tukapanga chumba mtaa wa Lizaboni, tukaingiza kompyuta mbili, tukaanza kufundisha watu kuchapa barua. Sasa tulitaka kibali cha kufundisha mitandao, maana ofisi za mjini zilikuwa zimeanza kuunganisha kompyuta zao na hapakuwa na wa kuzishughulikia. Sharti lilikuwa moja: mkaguzi azione kompyuta mbili zikiwasiliana.

"Tuiache mezani hiyohiyo iliyoungua," mwenzangu akasema. "Skrini yake si nzima? Tuiwashe. Tumwambie mtandao umesumbuliwa na umeme. Umeme wa hapa nani asiyeujua?"

"Akitaka kuigusa?"

"Shoga, wewe una lingine?"

Nilikuwa nalo, ingawa sikuwa na hakika nalo. Binamu yangu alikuwa amenitumia kutoka Dar CD yenye programu ya kutengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Ukiifungua, linatokea dirisha kwenye skrini, na ndani ya dirisha hilo inawaka kompyuta nyingine kamili, yenye mfumo wake na anwani yake, yaani namba ya kuitwa nayo kwenye mtandao. Haina chuma, inaazima nguvu za ile iliyoibeba. Ile ya chuma tuliiita mama, ya ndani tukaiita mtoto. Kama mama na mtoto wangeweza kuitana na kuitikiana kama kompyuta mbili, tungekuwa na cha kumwonyesha mgeni.

Jumapili nilitoka misani nikaenda moja kwa moja kwenye chumba chetu cha Lizaboni. Mtoto aliwaka, polepole mno, lakini aliwaka. Nikampa anwani. Nikaenda kwa mama, nikaandika amri ya kumwita. Hakuna jibu. Nikaita tena. Hakuna jibu. Nilifuta, nikaweka upya, mpaka macho yakaanza kuniuma, na kila mara skrini iliniletea maneno yaleyale.

Mwenzangu aliniletea chai ikapoa. "Kesho utamwambia nini?" akauliza. "Kwamba mtoto wako ni bubu?"

Nilimgeukia kwa hasira. "Nenda kaipambe hiyo maiti yako, uniache."

Alijitanda mtandio wake akatoka. Katika miaka yote ya meza moja sikuwahi kumjibu hivyo.

Asubuhi ya Jumatatu ilikuwa na baridi kali, ile ya mwezi wa saba. Nilipofika nilimkuta ameshafungua. Ile kompyuta iliyoungua ilikuwa mezani, imefutwa vumbi, skrini yake inang'aa. Hakuniangalia. Kabla sijasema kitu mkaguzi akapiga hodi, mtu mzima mwenye koti zito.

"Shikamoo, mzee," tulisema pamoja.

"Marahaba. Nina safari ya Mbinga, gari linanisubiri. Nikimaliza chai yenu naondoka." Akaketi, akapokea kikombe, akaielekezea kidole ile iliyoungua. "Tuanze na hii."

Nilimtazama mwenzangu. Alilitua birika mezani.

"Hiyo imekufa, mzee," akasema. "Umeme uliiunguza juzi. Nimeiweka mimi ili uone mbili."

Mkaguzi alishusha kikombe. "Kwa hiyo nimekuja kutazama nini?"

"Mwenzangu ana njia nyingine. Mpe nafasi."

Nikakaa. Nikamwasha mtoto, nikaeleza kwa sauti isiyokuwa yangu. Nikaita. Hakuna jibu. Mkaguzi alikunywa chai. Nikaita tena.

Mwenzangu alikuwa ameinama nyuma ya meza. "Shoga, huu waya wa mtandao bado umeenda kwenye ile iliyokufa. Wewe unapitia huku?"

Hapo ndipo nilipoona. Nilikuwa nimechagua njia ya kumtoa mtoto nje kupitia kadi halisi ya mtandao ya mama, kama jirani wa nje. Na kadi ile, upande wa pili wa waya wake, haikumwona mtu, ikajizima. Programu ilikuwa na njia nyingine, ya mama na mtoto peke yao, kwa kadi ya kubuni isiyohitaji waya. Nikaibadilisha, nikamzima mtoto, nikamwasha upya. Alichukua muda wake. Chai ilikuwa imebaki nusu kikombe.

Nikaita. Hakuna jibu.

"Anwani," nilijisemea. Kadi mpya ya mama ilikuwa imejipatia anwani ya ukoo mwingine, haikufanana na niliyompa mtoto. Nikaanza kuiandika upya. Vidole vilikosea, nikafuta. Mkaguzi alikuwa ameanza kufunga vifungo vya koti. Nikaita.

Likaja jibu. Mstari mmoja, wa pili, wa tatu. Nikaenda kwa mtoto, nikamwita mama, naye akaitika.

Mkaguzi alisogeza kiti. Akanyoosha mkono, akauchomoa waya wa mtandao nyuma ya kompyuta, akaushika hewani. "Ita sasa."

Jibu lilikuja vilevile. Akaniambia nitume barua ya mstari mmoja kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, akaisoma mwenyewe ndani ya dirisha.

"Kanuni inasema kompyuta mbili," akasema akisimama. "Nitawapa kibali cha muda. Anzeni, lakini mtafute ya pili."

Gari lilipoondoka mwenzangu alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Nilikaa kando yake.

"Jana nilikukosea," nikamwambia.

"Ulinikosea," akasema. "Na mimi nilikuwa naogopa kurudi kukaa nyumbani."

Wanafunzi wa kwanza wa mitandao walikuwa makarani na mwalimu mmoja. Walibanana mbele ya skrini ile moja, na mwenzangu ndiye aliyewafundisha kuita na kusubiri jibu. Alifundisha vizuri kuliko mimi, kwa sababu hakuwa na haraka na aliyekosea.