Leso Ndani ya Subaru

Kaa hapo kidogo, nikuambie kitu niliona garage moja Matiliku. Jamaa alikuwa ameweka Subaru yake springi fupi na kutoa kiti cha nyuma, iwe nyepesi, ikamate kona vizuri kwa mashindano ya kesho. Mamake akafika, akachungulia ndani.

"Mwanangu, hii gari tuliiombea kanisani ibebe wagonjwa. Kesho nyanyako ana kliniki, na hawezi kukaa. Atalala wapi?"

"Mum, nikirudisha kiti nitaachwa nyuma."

Mama hakupiga kelele. Alifungua leso kiunoni, akaitandika polepole juu ya chuma tupu.

"Basi ukienda mashindano, mpitishe kliniki. Tutamlaza hapa."

Fundi akashika spana. "Boss, nirudishe kiti ama niache?"

Jamaa akabaki kuangalia leso. Ungekuwa wewe, ungemjibu fundi nini?