Mche Uliofungwa Kanga

Kachumbari sili. Wakwe zangu walidhani ni maringo, nikawaacha wadhani hivyo.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa karibu na Kinjumbi, na kwenye shamba la pamoja tulipanda nyanya kubwa za mbegu ya kuletwa. Zilipendeza mpaka joto la Januari lilipoingia. Hapo chavua ilikufa ndani ya maua, maua yakapukutika, tukabaki na majani. Uani kwetu kulikuwa na vinyanya vichachu, vidogo mno, ambavyo joto halikuvitikisa. Bwana shamba, kabla hajahamishwa, alinifundisha kuzichanganya hizo mbili: unafungua ua changa la nyanya kubwa kwa mwiba wa mndimu, unaondoa sehemu ya kiume, unapaka chavua ya kinyanya.

Kizazi cha kwanza kilitoa matunda madogo, yote sawasawa. “Usikate tamaa,” aliniambia, “wajukuu ndio watakaogawana urithi.” Nikapanda mbegu za matunda hayo, na kweli wajukuu waligawana. Wengine walitoa matunda makubwa machache, maua mengi yakaanguka kwa joto. Wengine walivumilia joto wakazaa vitunda kama punje. Mche mmoja tu ulirithi pande zote mbili. Ulishika maua katika joto lile, ukazaa nyanya za kujaza kiganja, nami nikawa nasubiri ziive vizuri nitoe mbegu.

Kaka yangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Ndiye aliyenilea baba alipofariki, ndiye aliyenichotea maji ya miche. Hata kitambaa chekundu cha kanga kwenye mche ule alikifunga yeye, ili mtu asije akachuma. Nilimwamini kuliko nilivyojiamini.

Siku alipokuja mgeni mkubwa kutoka Lindi, niliitwa kunawisha mikono. Kando ya sinia la pilau mche wangu ulikuwa umeegemezwa ukutani, umeng’olewa na mizizi yake. Nyanya zilizoiva zilikwisha katwa kachumbari.

“Hizi ni za shamba la kijiji, ndugu,” kaka alikuwa akisema. “Sisi hapa tunavuna hata Januari.”

Nikanawisha. Nyanya mbichi zilizobaki mgeni alitiliwa kapuni, akaondoka nazo.

“Kaka, ulijua,” nilimwambia tulipobaki wawili.

“Nilijua. Lakini taarifa ya mavuno nilishapeleka, mdogo wangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Utapanda mwingine.”

Nililia kwa hasira, na sioni haya kusema. Kitambaa nilikifungua, mche nikaufukia mizizi upya, ukanyauka. Niliokota mbegu kwenye masalia ya kachumbari, nikaziosha chumvi na ndimu, nikazipanda. Hazikuota. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilinibeba mgongoni nilipokuwa mtoto.

Baada ya miezi michache ikaja barua. Mgeni alitaka mbegu za nyanya zile zisizoogopa joto, zigawiwe vijiji vingine vya pwani. Kaka akaja nayo mlangoni kwangu.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Hukubakiza chochote?”

Nikaingia ndani, nikamtolea kile kitambaa cha kanga.