Alama Tatu za Mpima Mvua wa Fukayosi

Nilisafiri kwa ajili ya mvua ambayo, kwa karatasi za ofisi yetu ya hali ya hewa Dar es Salaam, haikunyesha. Katikati ya miaka ya sabini, Mzee Shomari, mpima mvua wa Fukayosi, alionekana ametuma sifuri siku ambayo barabara ilikatika kwa maji. Mkuu wangu alinipa barua ya kumwachisha kazi. "Msikilize kwanza," akasema.

Saa nne asubuhi nilifika Bagamoyo, kwenye kituo cha redio kinachopokea vipimo na kuvipeleka Dar es Salaam. Kila kipimo ni alama saba, fupi au ndefu. Nne za kwanza ni kipimo chenyewe, sifuri hadi kumi na tano: fupi tupu ni sifuri, ndefu moja na fupi tatu ni nane. Tatu za mwisho hutokana na zile nne, kama mashahidi wake. Bi. Zuhura, mpokeaji, alinionyesha daftari: fupi nne, ndefu mbili, fupi moja.

"Mbona Dar zilifika nne tu?"

"Si mlisema tukate mkia, karatasi haitoshi? Waraka wenu huo hapo ukutani."

Saini ilikuwa yangu.

Saa nane lori la Msata liliniteremsha Fukayosi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta barua au umekuja kula?"

"Vyote viwili."

"Aanze kula," akasema mkewe, Bi. Mwajuma. "Barua haipoi."

Baada ya chakula nilimwomba mzee asiniambie alichotuma. Nilichora vituo saba kwa mstari. Kila alama ni hatua moja mbele, fupi kwa njia yake na ndefu kwa yake, zikiachana na kukutana tena kama fito za chanja. Mashahidi hufunga njia nyingi zisizoafikiana nao. Zinazofika mwisho ni kumi na sita tu, moja kwa kila kipimo. Alama za daftari la Bagamoyo hazikufika mwisho. Njia ya sifuri ilihitilafiana nazo mahali pawili. Njia ya kipimo nane ilihitilafiana nazo mahali pamoja tu, kwenye alama ya kwanza. Nyingine zote zilikuwa mbali zaidi ya hiyo.

"Ulituma nane," nikasema.

Mzee alifunua daftari lake: nane. "Redio ilikoroma nilipoanza tu. Sasa mashahidi wangu aliwakata nani?"

"Mimi."

Bi. Mwajuma alisogeza sahani yangu tupu. "Na tumempa minofu."

Mzee alicheka kwanza, nami nikafuata.

Kesho yake, nikirudi, nilishuka Bagamoyo na kuubandua waraka wangu. Nyuma yake niliandika: alama zote saba zipelekwe. Bi. Zuhura aliusoma, akaubandika palepale, upande mpya ukiwa mbele. Barua ya Mzee Shomari niliirudisha mezani kwa mkuu, pamoja na maelezo ya kosa langu.

Tangu hapo, nikiona mtu kaandikiwa sifuri, huuliza kwanza alituma alama ngapi.