Njahi Katika Chungu cha Klabu

Siku yangu ya kwanza kama karani wa klabu ya huduma mjini Nyeri, Mwenyekiti alinikabidhi ufunguo wa kabati na chungu cha udongo, akasema kati ya hivyo viwili chungu ndicho kizito. Nilichungulia ndani: kitupu. Nikaanza kumshuku saa ile ile. Sijawahi kumwamini mtu kwa sababu tu amevaa tai.

Ninyi mnaojiunga na vikundi kwa simu, acheni niwaeleze tulivyofanya miaka ile ya sabini. Kwanza ulihitaji mdhamini, yaani mwanachama wa kukutaja mbele ya wenzake na kubeba aibu yako ukiharibu. Halafu kulikuwa na nafasi ya kazi: kila kazi iliruhusiwa watu wachache tu, klabu isije ikajaa mawakili. Baadaye kamati ya uanachama ilikuchunguza, na mimi ndiye niliyetumwa kuulizauliza sokoni na kanisani. Hapo nilijisikia nyumbani. Mtu akisema anataka kutengenezea jamii barabara, uliza kwanza shamba lake liko wapi.

Mwisho ilikuja kura ya chungu. Mwombaji alingoja verandani, na ndani kila mwanachama alitia punje moja chunguni, mkono ukiwa chini ya kitambaa. Haragwe jeupe lilimaanisha karibu. Njahi, yaani haragwe jeusi, ilimaanisha hapana, na njahi moja tu ilitosha kumrudisha mtu kwake. Kuuliza ni ya nani ilikuwa mwiko. Wazungu waliotutangulia walitumia gololi, wakaondoka nazo, ndipo Mwenyekiti akasema tununue maharagwe. Alikuwa daktari wa mifugo aliyelelewa na kusomea mbali. Ng'ombe wetu aliwajua kuliko desturi zetu.

Mradi uliotutoa jasho ulikuwa nyumba ya kujifungulia, kwenye mlima mmoja upande wa Othaya. Wanawake wa huko wakishikwa na uchungu walibebwa kwa machela kwenye matope hadi hospitali, na wengine walirudishwa wamefunikwa. Niliwahi kukutana na machela kama hiyo njiani, na hata leo sipendi kuisimulia.

Kanuni yetu ilitaka kila mradi uongozwe na mwanachama anayeijua kazi yenyewe. Aliyeijua ni Mama Nyaguthii, mkunga mstaafu aliyezalisha watu wa mlima ule wote. Lakini klabu haikuwa imewahi kuingiza mwanamke. Hata hivyo tulimpendekeza. Akikataliwa, mradi ungekosa kiongozi na nyumba isingejengwa.

Muda mfupi kabla ya hapo tulikuwa tumeingiza wakulima kadhaa wa chai kutoka huko huko, na hii ndiyo ilikuwa kura yao ya kwanza. Mwenyekiti aliwaeleza kanuni ya chungu kwa Kiingereza cha haraka, wakaitikia kwa vichwa.

Chungu kilipomwagwa mezani, njahi zilikuwa tele. Damu ilinichemka. Kikulacho ki nguoni mwako: wanaume hawa hawa walikuwa wamemsifu mama yule huku wakinywa chai yetu! Nilimkazia macho mwenye duka la dawa, akatazama dari. Nilimgeukia mwalimu mkuu, naye akatazama dari.

"Karani," Mwenyekiti akasema, "nenda umwambie. Polepole."

Nikatoka verandani. "Mama, pole sana. Wamekukataa. Njahi zimejaa meza."

"Njahi?" Akanitazama kama mtoto mzito darasani. "Na bibi yako akizaa, mlimpikia nini?"

"Njahi."

"Na unakuja kuniambia ati nimekataliwa! Rudi uulize hao wazee wa chai. Na uwaulize na Kikuyu, si hiyo kizungu yenu."

Kwetu njahi ni chakula cha mwanamke aliyejifungua, na kumpikia ni kumpa heshima. Waombaji wote wa awali walikuwa wanaume, kwa hiyo hakuna mkono uliowahi kusita. Nilirudi ndani nikauliza, na Mzee Gachanja, mkulima wa chai, akasimama kwa hasira.

"Haiya! Huyu amezalisha watoto yangu yote, na mimi nimpee maharagwe nyeupe, ya githeri, ya kuchanganya na mahindi kila siku? Si hiyo ni matusi?"

Kura ikarudiwa, safari hii kanuni ikielezwa kwa Kikuyu. Tukamwaga. Meza ikawa nyeupe, isipokuwa njahi moja.

Mwenyekiti akaamuru Mama Nyaguthii aitwe ndani, jambo ambalo halikuwahi kufanyika. "Mama, imebaki moja," akamwambia. "Hatujui ni heshima ama ni hapana."

Mama akaiokota. "Mwenye hii anajijua. Kama ni heshima, asante. Kama ni kunikataa, tutaongea siku bibi yake atashikwa na uchungu."

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Mimi niliangalia ni nani anacheka kupita kiasi. Mwenyekiti akagonga meza: "Naihesabu ni heshima. Karibu, mwanachama."

Nyumba ilijengwa. Baadaye nilitumwa Kianyaga kuanzisha tawi, kisha Nanyuki, chini ya wenyeviti wengine, lakini kila nilipopata likizo nilipanda mlima ule nikisingizia kukagua mifereji ya paa. Nia yangu ilikuwa kuona ni mwanachama yupi asiyewaleta watu wake pale. Huyo ndiye angekuwa mwenye njahi.

Walileta wote. Aliye na mke wa umri wa kuzaa alimleta, na wengine walileta mabinti na wakaza wana. Mwenye duka la dawa, niliyekuwa nimemhukumu zamani moyoni, nilimkuta ameshika mikono ya Mama Nyaguthii akilia kwa furaha, mjukuu wake akipiga kelele ndani.

Sasa nimestaafu, na jambo hili nimeligeuza kila upande. Ama njahi ile ilikuwa ya heshima, ama aliyeitia aliona haya akageuka. Vyovyote vile, sina wa kumshuku tena, na sijui mzee kama mimi atashinda siku nzima akifanya nini.