Lukmani na Maombi Matupu ya Lweba

Lukmani alizaliwa katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, karibu na soko la samaki. Vita vilimkuta shuleni, vikamfuata hadi chuo, na aliporudi na diploma yake ya informatique, elimu ya kompyuta, vilikuwa bado vinamngoja. Watu walikuwa wamekimbia huku na huko, wengine wakavuka ziwa hadi kambi za Tanzania, na kila nyumba ilikuwa inamtafuta mtu. Shirika moja dogo likafungua ofisi ya kutafuta waliopotea, likampa kazi.

Programu ya daftari la majina, ya watu wa vijijini na wa kambini, ilikuwa imeandikwa mbali, na ilipokea ombi la sura moja tu: anwani, aina ya ombi, urefu wa ujumbe, kisha ujumbe wenyewe. Seva ya Baraka ilipokea maombi ya simu kwa sura yake nyingine. Lukmani akaandika kiunganishi cha kukaa katikati, kichukue kila ombi la seva na kulipanga upya jinsi programu inavyotaka. Alikijaribu ofisini siku nzima. Kilifanya kazi vizuri.

Kulthumu, binti wa shangazi yake, aliishi Lweba. Mumewe, Assumani, alipotea siku kijiji kiliposhambuliwa. Ofisi ilipopeleka simu moja Lweba, Kulthumu alipanda nayo kilimani, mahali pekee penye mtandao, akatuma jina la mumewe. Jibu lilikuja: Hakuna.

Kwa kuwa kwenye daftari yalikuwamo majina ya kambi zote, ukoo ulipokea neno hilo kama habari ya kifo. Wakasoma dua, wakakaa matanga. Kulthumu akakaa eda, na ilipokwisha, Saleh, mdogo wa Assumani, akamwoa ili watoto wasitoke katika ukoo, kama ilivyo desturi yao.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Willy, mkubwa wa ofisi, alirudi kutoka Lweba akicheka.

“Ingénieur, batu ba Lweba banaita mashini yako Bwana Hakuna! Kasuku ya mama yangu iko na maneno matatu. Yako iko na moja tu.”

Lukmani alicheka pia. Akafungua kumbukumbu za seva. Maombi ya Baraka yalikuwa na majibu ya kila aina. Ya Lweba, yote, Hakuna.

Kule kilimani mtandao ulikuwa dhaifu, na simu ilituma ujumbe vipande vipande bila kutaja urefu wake. Kiunganishi, kisipouona urefu, kiliandika sifuri. Programu ikapokea ombi lisilo na jina ndani, ikamtafuta mtu asiye na jina, ikajibu ilichokiona. Ofisini, ambako alikijaribu, ujumbe ulifika mzima daima.

Akakirekebisha kiunganishi kikusanye vipande vyote kwanza na kupima urefu. Halafu akatuma upya jina la Assumani. Jibu likaja: yuko hai, kambini, ng'ambo ya ziwa. Aliandikishwa kabla ya matanga yake.

Lukmani alipanda pikipiki hadi Lweba. Kulthumu alikuwa anaanika dagaa, tumbo lake limekuwa kubwa.

“Dada, Assumani iko muzima.”

Kulthumu hakuinua kichwa. “Sema polepole. Saleh iko nyuma ya nyumba.”

“Ni kosa yangu, dada. Mashini ilipokea ombi yako tupu.”

“Mi nililia, kaka. Nililia kweli.” Akageuza dagaa kwa kiganja. “Naye, ananitafuta?”

“Ofisi ya kutafuta watu kule itafunguliwa wiki hii. Atakutafuta. Jina yako iko mule.”

“Basi, itoe.”

“Dada!”

“Akikuja, batauana na Saleh. Ni batoto ba tumbo moja. We unataka nizike nani tena?”

Saleh alitokea akijifuta mikono, uso umejaa furaha. “Ee, shemeji! Umetuletea nini ya Baraka?”

“Salamu tu,” Lukmani akasema.

Aliporudi ofisini alilifuta jina la Kulthumu kwenye daftari.

Ombi la kambini lilifika kabla ya juma kuisha. Lilikuja vipande vipande. Kiunganishi kikayakusanya maneno yote, kikapima urefu, kikaliweka kila neno mahali pake bila kupoteza hata herufi. Programu ikamtafuta Kulthumu wa Lweba, mke wa Assumani.

Ikajibu: Hakuna.